Limfoma ya jicho na dawa ya doksi: mwongozo kamili kwa mgonjwa na anayemsindikiza

Mama mmoja muuza omena aliingia kliniki yetu ya macho hapa Kisumu, kope la kushoto limejaa kama la mtu aliyeumwa na nyuki. Halikumuuma hata kidogo, na lilikuwa hivyo kwa miezi tisa. Mkobani alikuwa na chupa nne za dawa ya matone, zote za kemisti, na pakiti ya doksi, yaani antibiotiki ya doksisaiklini, iliyobaki kapsuli sita.

"Sista, kijana wangu alisoma kwenye simu kwamba kuna kansa ya jicho inayoisha kwa doksi," akaniambia. "Nimemeza. Sasa mbona haijaisha?"

Kijana wake alikuwa amesoma jambo la kweli, ila alianzia mkiani. Hakuna aliyekuwa amejua bado uvimbe ule ni nini, na dawa zilizokuwa mkobani zilitutatiza miezi mingine mitatu kabla hatujajua. Ndiyo sababu naandika haya. Doksi yenyewe ni rahisi kupatikana kuliko chochote katika safari hii. Kazi iko katika hatua zinazoitangulia na miaka inayoifuata.

Ugonjwa wenyewe, na kwa nini antibiotiki

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda dhidi ya vijidudu. Aina ninayoizungumzia inaitwa limfoma ya MALT, yaani ya chembe za ulinzi zinazokaa kwenye tando za mwili. Ikishika jicho haiotei ndani ya mboni. Huota kando yake: kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, kwenye tezi ya machozi, kwenye kope, au nyuma ndani ya tundu la jicho. Aghalabu huwapata watu wazima walioanza kuzeeka, na hukua polepole kiasi kwamba mtu hukaa nayo mwaka mzima akidhani ni usingizi mchache.

Habari ya antibiotiki ilianzia tumboni. Mwaka 1993 Wotherspoon na wenzake walieleza wagonjwa 6 wa limfoma ya MALT ya tumbo waliopewa dawa za kuua bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Kwa 5 kati yao limfoma haikuonekana tena. Maelezo yake si magumu. Mbiu ya mgambo ikilia, watu hutoka. Kidudu kikikaa mwilini miaka mingi bila kuondoka, ni mbiu isiyonyamaza: chembe za ulinzi huitwa mchana na usiku, huzaana bila kupumzika, na siku moja kundi moja hupoteza breki. Ugonjwa ukiwa mchanga, kundi hilo bado huitegemea ile mbiu ili liishi. Ukiinyamazisha, linasinyaa. Ukichelewa, chembe hujifunza kuishi bila kuitwa, na hapo antibiotiki haziwezi tena.

Kwa jicho, daktari Andrés Ferreri wa Italia na wenzake walichapisha mwaka 2004 kwamba walikuta chembechembe za urithi za bakteria Chlamydia psittaci katika sampuli 32 kati ya 40 za limfoma za kandokando ya jicho. Bakteria huyu ni wa ndege: kasuku, njiwa, bata na wengineo. Naomba hapa nisimame kidogo, kwa sababu neno hili limewahi kuvunja amani nyumbani. Huyu si yule klamidia wa magonjwa ya zinaa, wala si yule wa trakoma. Cheti kikisoma hivyo, mzee asimshuku mkewe na mama asimshuku mumewe.

Tena bakteria huyu hapatikani kila mahali kwa kiwango kimoja. Utafiti wa mwaka 2006 uliolinganisha sampuli za sehemu sita za dunia ulimkuta katika asilimia 47 za Ujerumani lakini 12 tu za Uingereza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba limfoma ya jicho ni ya njiwa wako basi, anarukia.

Na dawa inasaidia kiasi gani? Katika jaribio la Italia la mwaka 2006, wagonjwa 27 walimeza doksi kwa wiki tatu. Uvimbe ulipungua au kuisha kwa 13. Wale waliokutwa na bakteria walikuwa 11 na 7 kati yao walisaidika; wasiokutwa naye walikuwa 16, na 6 kati yao walisaidika pia. Jaribio jingine la mwaka 2012 lilipima wagonjwa 34 ambao ugonjwa wao ulikuwa mpya: kwa 6 uliisha kabisa, kwa 16 ulipungua. Mimi mgonjwa akiniuliza, husema hivi: mkiwa kumi, watano au sita dawa itawafaa kwa namna moja au nyingine, na wachache watapona moja kwa moja. Ni matumaini ya kweli, na yana mpaka.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Limfoma ya MALT inasubiri wiki kadhaa bila kudhuru. Kuna magonjwa ya jicho yasiyosubiri, na katika sehemu zetu hizi yapo mengi.

Mtoto ambaye jicho linatokeza au taya linavimba kwa siku chache, leo tofauti na jana, mpeleke hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Huenda ni limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Inahusiana na virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara, na ndiyo maana watoto wa kando ya ziwa wanaijua kuliko wengi. Ni limfoma, lakini ukisikia jina hilo usiifikirie doksi. Inataka kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, haraka, na wengi hupona wakifika mapema. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu, kama jicho la paka usiku, naye aende upesi, kwani huenda ni saratani ya ndani ya jicho.

Mtu mzima mwenye homa, maumivu makali, jicho jekundu lililotokeza na lisilozunguka vizuri, hiyo huwa ni maambukizi nyuma ya jicho. Alazwe siku hiyo. Vilevile yeyote ambaye uoni unafifia siku hadi siku.

Halafu kuna kinyama cheupe au chenye mishipa kinachoota pembeni mwa mduara wa jicho. Watu wengi hukichukulia kuwa ni kile cha jua na vumbi. Hapa kwetu kinaweza kuwa saratani ya utando wa jicho, ambayo huhusiana na jua kali na virusi vya Ukimwi, na dawa yake ni kukatwa mapema. Nimeona watu wakiimezea antibiotiki hadi jicho likatolewa. Hilo linaniumiza kila ninapolikumbuka.

Limfoma ya MALT ina sura yake. Kwenye utando, ukiinua kope, utaona bonge laini lililolala bapa, rangi ya ndani ya pera jekundu. Vitabu vya madaktari huifananisha na samaki ambaye hayuko Ziwa Victoria, lakini pera kila mtu analijua. Ikiwa iko nyuma, jicho husukumwa mbele taratibu, kope hulegea, au mtu huona vitu viwili viwili. Maumivu ni nadra. Wakati mwingine macho yote mawili hushikwa. Hata hivyo sura haitoshi kutoa jibu.

Hatua ya pili: toa chupa zote mezani

Fungasha kila dawa uliyotumia, hata iliyokwisha, uje nayo. Zile chupa nne za mama yule, mbili zilikuwa na steroidi, dawa ya kuzima mchochota, aina ya deksamethasoni iliyochanganywa na antibiotiki. Dawa hizi hutuliza jicho jekundu kwa siku mbili na mgonjwa akafurahi. Lakini steroidi huua chembe za limfoma kwa muda. Uvimbe unasinyaa, unarudi, na daktari akikata kipande wakati huo, maabara huona mchochota tu.

Ndivyo ilivyotupata. Kipande cha kwanza cha mama kilirudi kikisema hakuna saratani. Tulimwachisha matone, tukasubiri, uvimbe ukarejea, akakatwa tena, na jibu likaja wazi. Wiki hizo za kusubiri alikuwa akinipigia simu kila Jumatatu, na sikuwa na la kumwambia ila avumilie.

Kwa hiyo ikiwa una uvimbe usiojulikana, usinunue matone ya steroidi wala tembe zake. Kama uliandikiwa na daktari kwa sababu nyingine, mathalani baada ya upasuaji, usiache mwenyewe ghafla. Mwambie daktari wa macho, naye atapanga. Doksi nayo, ukishaimeza, sema ni siku ngapi na lini, maana kipimo cha kumtafuta bakteria chaweza kukosa kumwona.

Hatua ya tatu: kukatwa kipande

Hapa ndipo wengi hugeuka na kurudi nyumbani. "Kansa ikiguswa kisu inaenea." Nimesikia maneno haya Kakamega, Siaya na Nakuru, kwa lugha tofauti na uhakika uleule. Kwa limfoma si kweli. Daktari hana nia ya kuing'oa yote. Anachukua sehemu ndogo ili ijulikane jina lake. Bila jina hakuna matibabu, kuna kubahatisha tu.

Uvimbe ukiwa kwenye utando, jicho hutiwa ganzi na kazi huisha mgonjwa akiwa macho. Ukiwa ndani ya tundu la jicho, unahitaji mpasuaji aliyezoea sehemu hiyo, na pengine kulazwa usingizi. Kwa anayetoka Vihiga, Kakamega au Busia, hospitali ya macho ya Sabatia ni mlango wa karibu wa kuulizia. Wa Kisumu wana hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wa bonde la juu wana ile ya Moi iliyoko Eldoret, na wa Nakuru wana hospitali yao ya rufaa ya kaunti. Uliza kabla ya kupanda matatu: mpasuaji wa tundu la jicho hukaa kliniki siku zipi? Nauli ya kwenda bure ndiyo inayowakatisha watu tamaa.

Kabla ya siku hiyo hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa kupiga *147# kama hujafanya hivyo, na uulize kwenye dawati lao ni vipimo vipi vinahitaji idhini kabla havijafanywa. Idhini ikiombwa baada ya kazi, bili hubaki kwako.

Sasa sikiliza mambo manne ambayo msindikizaji anaweza kuyaulizia kwa adabu, bila kumkosea daktari. Kipande kimetiwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na chupa ina jina kamili la mgonjwa na upande wa jicho? Fomu imeandikwa kwamba limfoma inashukiwa? Neno hilo moja hubadilisha namna maabara inavyokishughulikia. Je, kitapimwa kwa imunohistokemia, yaani kupakwa rangi za kutambua aina ya chembe, ikiwemo ya alama iitwayo CD20? Na je, kuna uwezekano wa kipimo cha PCR, kinachosaka chembechembe za urithi, cha kumtafuta Chlamydia psittaci?

Hilo la mwisho usilipigie magoti. Si maabara nyingi zinazolifanya, na kama ulivyoona, hata wasiokutwa na bakteria wengine walisaidika. Imunohistokemia ndiyo usiyokubali kuikosa, kwa sababu ndiyo inayotenganisha limfoma ya MALT na ile ya chembe kubwa inayokimbia. Hiyo ya pili haiguswi na doksi. Inataka kemo pamoja na rituksimabu, dawa inayoishika alama ile ya CD20, na kuipoteza miezi mitatu kwa kapsuli ni kumpoteza mtu.

Jibu likitoka, omba nakala na uandike namba ya sampuli. Kipande chako huhifadhiwa ndani ya nta, na daktari mwingine akitaka kukiangalia upya, namba hiyo ndiyo itakayokipata. Huhitaji kukatwa tena.

Hatua ya nne: imefika wapi

Limfoma ya jicho inaweza kuwa na ndugu zake mahali pengine. Daktari atakupapasa shingo, kwapa na kinena, atapima damu kamili, ini, figo na LDH (kimeng'enya cha kwenye damu), pamoja na HIV na homa ya ini ya B na C. Usikwazwe na kipimo cha HIV. Kikitoka chanya, limfoma inatazamwa kwa jicho kali zaidi, na kuna dawa ambazo ni lazima ziende sambamba. Cha homa ya ini B kina kazi yake pia: rituksimabu inaweza kuwaamsha virusi hao waliolala.

Kisha picha: CT au MRI ya tundu la jicho, na CT ya kifua na tumbo. Hapa ndipo pesa nyingi huenda. Kama inabidi kuchagua la kuanza nalo, muulize daktari ni picha ipi itabadilisha uamuzi wake. Wengine huhitaji kupimwa uboho, wengine hapana.

Hatua ya tano: doksi au mionzi?

Mtu anafaa kuanza na doksi ikiwa jibu la maabara ni MALT bila shaka, ugonjwa umebaki kandokando ya jicho, uoni hauko hatarini, na anaweza kurudi kliniki bila kukosa. Hilo la nne nalitilia mkazo kuliko madaktari wengi ninaowajua. Mtu anayekaa kisiwani na kushuka bara mara mbili kwa mwaka, au asiye na wa kumsindikiza, mionzi humfaa zaidi.

Mionzi ndiyo tiba iliyozoeleka ya ugonjwa huu ukiwa mahali pamoja. Kwa kipimo cha Gy (grei, kizio cha mionzi) 24 hadi 30, kinachogawanywa katika siku nyingi, uvimbe huisha mahali hapo kwa walio wengi mno. Siku hizi kuna pia kipimo kidogo cha Gy 4 kinachotolewa kwa siku mbili tu, nacho huwafaa wengi. Gharama ya mionzi kamili kwa jicho ni ukavu na mtoto wa jicho baadaye. Eldoret na Nakuru kuna mashine, kwa hiyo si lazima kila mtu aende Nairobi. Watu hapa husema "kuchomwa", na neno hilo linatisha bure: mgonjwa hulala kitandani dakika chache, hasikii moto wowote.

Kuchagua doksi hakufungi mlango wa mionzi. Hilo ndilo linalonifanya niipende kama hatua ya kwanza kwa anayestahili. Ikishindwa, umepoteza miezi michache ya ugonjwa unaotembea kwa mguu.

Hatua ya sita: siku 21

Kipimo kilichotumika katika majaribio ni miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni, kwa wiki tatu, yaani kapsuli 42. Nunua zote mara moja, duka moja, pakiti zilizofungwa, na usome tarehe. Usinunue tano tano.

Meza ukiwa umesimama au umeketi wima, na glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa nusu saa angalau. Kapsuli hii ikikwama kooni huunguza, na mtu akafikiri amepata vidonda vya tumbo. Meza baada ya kula kama inakuchafua roho, ila si pamoja na maziwa. Hapa Nyanza na kwa jirani zetu Wakalenjin hili ni gumu: chai ya maziwa asubuhi, maziwa lala au mursik jioni. Chuma, kalisi na dawa za kiungulia hushikana na doksi tumboni, ikapita bila kuingia damuni. Tenganisha kwa saa mbili au tatu. Ule udongo wa kula, odowa, uache kabisa wiki hizo.

Jua litakuunguza upesi kuliko kawaida. Anayeuza sokoni au kuvua avae kofia pana na mikono mirefu.

Mjamzito asiimeze, wala mtoto chini ya miaka minane, bila daktari kuamua. Anayetumia dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, za TB zenye rifampisini, au warfarini ya kuyeyusha damu, aseme kabla ya kuanza, kwa kuwa dawa hizo na doksi huingiliana. Ukipata kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu, acha na uje siku hiyohiyo: shinikizo kichwani linaweza kupanda.

Umesahau kapsuli moja? Imeze ukikumbuka, ila usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Na usiongeze wiki ya nne kwa sababu hujaona mabadiliko. Mabadiliko hayaji wakati huo.

Hatua ya saba: kusubiri, na kupiga picha

Wiki tatu zikiisha, uvimbe mara nyingi uko palepale. Mgonjwa anakasirika, na namwelewa. Mbiu imenyamaza, lakini waliotoka bado wako barabarani. Kusinyaa huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka.

Jicho la mtu anayejitazama kila siku halioni tofauti. Nawashauri wote: kila tarehe mosi, mtoto au jirani apige picha kwa simu, mahali palepale mlangoni, saa ileile, bila flashi. Moja ukitazama mbele, moja ukitazama juu, moja ukitazama chini, moja kope ikiwa imeinuliwa. Mama muuza omena alikuwa na picha za miezi kumi na miwili. Ya mwezi wa pili na ya kwanza hazikutofautiana. Ya mwezi wa tano ilikuwa nusu.

Kliniki ni mwezi mmoja baada ya dawa, kisha kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, halafu kila miezi sita kwa miaka mitano angalau, na picha za CT au MRI kadiri daktari atakavyoona. Uvimbe ukiongezeka wakati wowote, hata baada ya mwezi, usingoje tarehe. Ukibaki ulivyo baada ya miezi sita, zungumza na daktari juu ya mionzi.

Limfoma hii inaweza kurudi hata baada ya miaka, jicho lile au la pili, au shingoni. Ikirudi na sura mpya, ikakua kwa wiki badala ya miezi, ikaja na homa, jasho la usiku au kukonda, omba ikatwe kipande upya, kwa kuwa wakati mwingine hubadilika kuwa ile ya chembe kubwa. Siku hiyo njoo na faili lako: jibu la maabara lenye namba ya sampuli, picha za CT, orodha ya dawa na tarehe ulizozimeza, na simu yenye zile picha za mlangoni.